Tumbo la Makobo Halisemi Uongo

Wajukuu wangu, na ninyi wengine wote munaovaa yale makoti meupe mu laboratware za vyuo vikuu, mukae kidogo munisikilize. Najua munazo mashini za kuhesabia hata kile ambacho jicho haliwezi kuona. Mujukuu wangu mumoja, binti wa Lubumbashi, amenionyesha picha ya chumba anamofanyia kazi, na nilipoona vile vyombo vyote vinavyong'aa nilimuuliza swali moja tu: "Nani anaosha?" Akacheka. "Babu, vingine vinatupwa tu, haviosheki tena." Mimi sikucheka. Mutu asiyejua kuosha chupa hajui kazi ya laboratware hata kidogo, na nitasema vile mpaka siku mutanizika.

Mimi Kabwe nilianza kazi hapa Nchelenge miaka ya hamsini, mbele ya uhuru, mu nyumba ya bati yenye vyumba viwili. Ilikuwa karibu na ziwa kiasi kwamba wakati wa mvua vyura walikuwa wanafika kazini mbele yetu. Chumba kimoja kilikuwa cha meza ndefu, mizani, chupa, na mikroskopi moja, kile chombo cha kukuza vitu vidogo, ambayo hakuna aliyeigusa bila kunawa. Chumba cha pili kilikuwa cha samaki waliolazwa mu dawa ya formalini, na harufu yake ilinifuata mpaka kanisani. Mama mumoja wa kwaya aliniuliza kama ninafanya kazi ya kuhifadhi maiti. Nikamujibu ndiyo, mama, lakini maiti wangu wote wana mapezi. Hakukaa karibu yangu tena.

Mukubwa wetu alikuwa muzungu mwembamba aliyetumwa na chuo kikuu cha kwao kuja kujifunza maisha ya samaki wa ziwa letu la Mweru. Watu walimupa jina la Bwana Mizani, sababu hakuacha kitu bila kukipima. Papa Ilunga, mufanyakazi mwenzangu, alipopata mutoto, Bwana alikuja kumupongeza na mizani chini ya kwapa. Mama wa mutoto alikataa kabisa! Lakini alikuwa mutu wa haki, yule. Yeye akikosa, anasema "nimekosa". Wewe ukikosa, ananyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko fimbo.

Papa Ilunga ndiye aliyenifundisha kazi. Alitoka ng'ambo, Kasenga, ambako alikuwa amefanya kazi mu laboratware ya hospitali mbele ya kuvuka muto Luapula kuja kwetu. Kibemba chake kilikuwa cha kuchekesha na Kiingereza hakuwa nacho, kwa hiyo mambo yote ya chupa, dawa na samaki nilijifunza kwa Kiswahili cha kwao, ambacho Bwana naye alikielewa kidogo. Ndiyo sababu mpaka leo ninaota kwa Kibemba, ninaomba Mungu kwa Kibemba, lakini nikishika chupa mukononi, maneno yanatoka kwa Kiswahili.

Juma langu la kwanza nilikuta juu ya rafu chupa ishirini, na kila moja ilikuwa na matope chini. Sasa, mama yangu alinilea mu nyumba ambamo chombo kichafu ni haya ya ukoo muzima. Nikasema moyoni: leo watajua wameajiri mutu. Nikachukua majivu, nikasugua zote ishirini, nikazipanga juani, na nikakaa kando kungoja sifa zangu.

Papa Ilunga akaingia, akasimama.

"Kabwe. Udongo ya Bwana iko wapi?"

"Udongo gani, Papa?"

"Ile ya mu chupa."

"Nimeosha, Papa."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yangu weee! Ile udongo ilitoka chini ya ziwa, kila chupa na fasi yake, mahali ilipochotwa! Miezi sita ya kazi! Weye unairudisha yote mu ziwa kwa siku moja?"

Bwana Mizani alikuja, akaangalia zile chupa zinazong'aa, akanyamaza. Ee, kunyamaza kule! Kesho yake alinipa kamba ndefu, kikombe cha chuma cha kuchotea chini ya maji, na chupa zangu ishirini. "Safi sana," akasema. "Sasa zijaze." Nikazunguka ziwa majuma matatu na Papa Ilunga, mu boti yenye motere iliyokuwa inazimika kila ilipotuona tumefurahi. Tulichota, tukaandika, tukachota tena. Nilipomaliza nilikuwa ninajua matope ya Mweru kwa jicho, kwa kidole na kwa pua. Pale Luapula inapoingia ziwani, ni mekundu na mazito. Mu matete ya kisiwa cha Chisenga ni meusi, yananuka majani yaliyooza. Upande wa Kafutuma ni ya kijivu, laini kama unga wa mihogo. Na mbali kaskazini, kuna fasi ambapo kikombe kinaleta muchanga mweupe wenye vikonokono vidogo vidogo, kama punje za mutama. Vijana, mukiharibu kitu, muombe muachiwe kukitengeneza wenyewe. Mimi nilisoma zaidi mu majuma yale matatu kuliko miaka yangu yote ya shule ya misioni.

Sasa nifike kwa jambo lenyewe.

Bwana Mizani alitaka kujua makobo wanatembea wapi. Makobo munamujua, yule samaki mupana anayekula matope na uchafu wa kijani, na nyama yake inashinda ya kuku. Basi tukawa tunakamata makobo wazima, tunawafunga kipande kidogo cha bati chenye namba kwenye pezi la mugongo, tunawarudisha majini. Muvuvi akimupata mwenye bati, anamuleta kwetu na tumbo lake. Tunamupima, tunatoa tumbo na kuliweka mu chupa yenye namba ileile, tunamurudishia muvuvi samaki wake, na juu yake tunamupa kifuko cha chumvi. Kazi yangu ilikuwa kuuliza swali moja na kuandika jibu mu buku: ulimuvua wapi?

Muvuvi wa kwanza alisema, kwa heshima ya Kibemba: "Chisenga, mukwai."

Wa pili: "Chisenga, mukwai."

Wa kumi na saba, muzee aliyetoka upande mwingine kabisa wa ziwa, mwenye jasho la kupiga kasia siku nzima, aliangalia juu ya dari, akajikuna shingo, akasema: "Eee... Chisenga."

Na mimi nikaandika.

Musinicheke. Ao municheke, nimekubali. Mimi ni mutoto wa wavuvi. Mujomba wangu alikufa bila kumwambia hata mutoto wake wa kuzaa mahali alipokuwa anatega nyavu. Kwetu hatumuulizi muvuvi amevua wapi. Wazee walisema ukitaja mahali, samaki wanasikia na kuhama, na hata wale waliosema hawaamini mambo hayo, walifunga midomo vilevile. Chisenga ni kisiwa ambacho kila mutu anajua kina samaki. Kukitaja ni sawa na kujibu "huko huko". Nilijua! Lakini kijana wa miaka ishirini na miwili atamwambia muzee wa watu "unadanganya"? Tena Bwana alikuwa amesifu mwandiko wangu mbele ya wageni. Nilipenda lile buku langu, nawaambia kweli. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ile yetu ilikwenda miezi nane, na mwandiko muzuri.

Kwenye ukuta kulikuwa ramani ya ziwa, na kila bati lililorudi Bwana alichoma pini. Asubuhi moja akatuita, uso unang'aa.

"Tazameni!"

Pini zote zilikuwa zimejaa Chisenga, moja juu ya nyingine.

"Makobo wa ziwa lote wanakwenda kuzaliana Chisenga," akasema. "Ni jambo kubwa! Tukifunga maji yale miaka mitatu na kuhamisha kambi zote za kisiwa, ziwa litajaa samaki. Nimekwisha kuandika kwa serikali, kule boma. Mukubwa wao atakuja baada ya majuma mawili kutia saini."

Papa Ilunga aliniangalia. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Hapa lazima niwaambie juu ya Chola. Nilikuwa nimemuposa Chola, binti wa Ba Mwaba, muvuvi wa Chisenga. Posa yangu ilikuwa imepokelewa, na nilikuwa ninahesabu miezi. Familia yao yote ilikuwa pale kisiwani: nyumba, nyavu, vichanja vya kukaushia samaki, makaburi ya watoto wao wawili. Na sasa mwandiko wangu, ule muzuri, ulikuwa unakwenda kuwatoa pale. Nani atamupa binti yake mutu aliyemuhamisha? Siku ile sikula. Niliogopa, na niliona haya, na sijui lipi lilikuwa kubwa.

Siku ya mapumziko nikaomba nafasi mu mutumbwi wa wachuuzi, nikavuka mpaka Chisenga. Nilimukuta Chola kwenye kichanja, anapasua makobo, kisu kinakwenda mbio. Mama yake alikuwa ng'ambo ya kichanja, basi nikageuka na kusimama nikimupa mugongo. Hii ni desturi yetu: mutu aliyeposa hasemi na mama mukwe wake, hamuangalii, hali chakula mbele yake, mpaka siku atakapoingizwa mu nyumba kwa chakula cha heshima. Mukikutana njiani, unaingia mu majani. Mimi niliingia mu majani mara nyingi sana. Mara moja kulikuwa siafu.

Nikamweleza Chola yote, buku, pini, boma. Nilingoja alie. Akacheka!

"Baba anavua Chisenga? Nani alikwambia?"

"Yeye mwenyewe. Mara nne. Nimeandika."

"Kabwe, wewe umesoma bure. Njoo uone." Akafungua tumbo la samaki wa baba yake, akalikamua juu ya jani. Muchanga mweupe. Vikonokono kama mutama. Fasi ile ya mbali kaskazini, ambako tulifika siku ile motere ilipozimika mara tatu!

"Mama ndiye aliyenifundisha," Chola akasema. "Samaki wa matope meusi anaoza haraka, lazima apasuliwe wa kwanza na apate chumvi nyingi. Wa muchanga anaweza kungoja. Ukikosa kujua, unapoteza kichanja kizima. Wanawake wote wa hapa wanajua kidogo, lakini Mama hakosi. Anajua kila mwanaume wa kisiwa hiki ameshinda wapi."

"Na hawasemi?"

"Nani anatuuliza?"

Nikarudi Nchelenge. Jambo gumu zaidi mu maisha yangu halikuwa posa wala kuzika wazazi. Lilikuwa kusimama mbele ya meza ile asubuhi na kusema: "Bwana, buku langu ni uongo."

Akavua miwani. "Ukurasa gani?"

"Zote, Bwana."

"Hata miezi ya kwanza?"

"Ile zaidi."

Akanyamaza. Nilisikia bati la nyumba linalia kwa jua. Papa Ilunga akakohoa, akasema, "Bwana, kijana anakosa, lakini analeta na dawa. Tumusikie." Ndipo nikamweleza juu ya Bana Chola, ndiyo jina la heshima la mama wa Chola, na yale matumbo yote tuliyoyaweka mu chupa, ambayo hakuna aliyeyafungua. Bwana akasimama, akafika mbele ya ramani, akatazama pini zake. Niliona masikio yake yanakuwa mekundu.

"Nimekosa," akasema. "Nimeuliza midomo na sikuuliza matumbo." Kiisha akanigeukia: "Lakini yule mama, nitajuaje kama anajua? Lazima tumupime."

Kupima tena! Hata hivyo alikuwa na haki. Siku mbili Papa Ilunga alizunguka na boti, akavua mwenyewe makobo mu fasi sita, akawaweka mu ndoo za namba, na siri ya zile namba aliiandika kwenye karatasi akaitia mufukoni. Mukubwa wa boma akafika siku yake kwa motokari, mutu munene mwenye haraka, na hati yake tayari. Bana Chola akavuka ziwa, amevaa chitenge chake cha kanisani. Ba Mwaba akaja na wavuvi wengi wa kisiwa na wa pwani, sababu habari ya kufukuzwa ilikuwa imewafikia, na walikuwa na hasira. Wakajaa mpaka nje.

Taabu ikatokea pale pale. Mwenye kutafsiri Kibemba kwa Kiingereza nilikuwa mimi peke yangu. Na mimi siwezi kusema na mama mukwe!

"Ni nini sasa?" Mukubwa wa boma akauliza.

Bwana Mizani akaniuliza kwa nini ninajaribu kutokea dirishani. Nikamweleza. Nilifikiri atakasirika, hapana, akapiga makofi kama mutoto. "Vizuri sana! Asikuone, usimuone, na usijue samaki ni wa wapi. Kupima kwa haki ni hivyo!" Wakatundika mukeka katikati ya chumba. Mimi na buku upande mumoja, Bana Chola na sahani zake sita za matumbo ya makobo upande mwingine. Akisema neno, Papa Ilunga analichukua kwa Kibemba chake cha kuvunjika, analizungusha mukeka, ananiletea, mimi ninaligeuza kuwa Kiingereza. Nilikuwa ninasikia kila neno lake mita moja kutoka kwangu, lakini kwa heshima nilingoja mpaka lizunguke. Wavuvi walikufa kwa kicheko, hasira ikawatoka kidogo.

Sahani ya kwanza. Nikasikia vidole vyake vinasugua. "Mudomo wa Luapula."

Ya pili. "Chisenga, mu matete."

Ya tatu, ya nne, ya tano, bila kusita. Kwenye ya sita akakawia. Nikasikia ananusa. Nikasogeza sikio karibu na mukeka.

"Huyu," akasema, "amekula mahali pawili. Matope ya kijivu chini, mekundu juu. Aliyemuvua alitega mupakani, kwa uvivu wa kupiga kasia."

Papa Ilunga hakuniletea neno lile. Nikamuita, "Papa?" Akatoa kichwa kando ya mukeka, anaona haya. "Motere ilizimika," akasema pole pole. "Nilitega pale nilifika." Akatoa karatasi yake mufukoni. Zote sita zilikuwa kweli.

Kiisha zikaja zile chupa za zamani, zenye namba za mabati. Papa Ilunga aliosha kila tumbo kwanza kutoa formalini, na Bana Chola alisoma matope yake, wakati mimi ninafuata mu buku. Buku linasema Chisenga. Yeye anasema Kafutuma. Buku, Chisenga, yeye, kaskazini kwenye konokono. Kila akitaja fasi, muvuvi mumoja nje alikuwa anaguna, na wenzake wanageuka kumuangalia. Mumoja akapiga kelele: "Mama, basi! Utatumaliza!" Bana Chola akajibu kwa sauti ya kichanjani: "Mume anaweza kunidanganya. Tumbo la makobo haliwezi." Wanawake waliokuwa dirishani wakapiga vigelegele. Bwana Mizani alikuwa anang'oa pini, anazichoma upya, na ramani ilikuwa inafunguka mbele yetu, ziwa zima likawa na pini. Nilifurahi mpaka nikasahau kuandika, na Papa Ilunga akanipiga kiwiko.

Lakini mukubwa wa boma hakufurahi. Alikunja mikono. "Ni mucheko muzuri," akasema. "Lakini mimi siwezi kurudisha hati kwa sababu ya matope. Nina buku hapa lenye majibu ya wanaume zaidi ya mia, na wote wanasema Chisenga. Niletee mutu mumoja, mumoja tu, aliyeandikwa humu, aseme mbele yangu kwamba alisema uongo, na alivua wapi kweli. Kama hakuna, ninatia saini."

Nikatafsiri. Kicheko kikafa.

Munaelewa alichokuwa anaomba? Kutaja fasi yako mbele ya kila muvuvi wa Mweru, mchana, kwa sauti. Ni kutoa chakula cha watoto wako na kukiweka njiani. Nikaangalia watu wale wazima, wenye mikono ya chuma, hakuna aliyeinua uso. Mukubwa akafungua kalamu yake.

Ba Mwaba akasimama. Alikuwa mutu mufupi, mwenye maneno machache, na hakunipenda sana siku zile. Akatoa kofia.

"Namba zangu ziko nne mu buku ya yule kijana," akasema. "Zote nilimudanganya. Aliandika vizuri, kosa si lake. Mimi ninavua kaskazini. Unapiga kasia kutoka kisiwani mpaka unaona ule mulima wenye mabega mawili umekuwa na bega moja. Hapo chini ya maji kuna fungu la muchanga, halionekani. Baba yangu alinionyesha. Mimi sijamwonyesha mutu." Akawageukia wavuvi. "Sasa nimewaonyesha wote. Lakini watoto wangu wawili wamelala Chisenga, na sitawaacha."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mukubwa wa boma akafunga kalamu, akakunja hati, akaitia mufukoni bila saini. Watu walipiga kelele mpaka bati likatetemeka. Wakamubeba Bana Chola mpaka kwenye mutumbwi, na mimi, kwa haraka ya kumupisha, nikaanguka juu ya ndoo za makobo. Ba Mwaba peke yake hakucheka. Alivaa kofia yake, akaondoka.

Kesho yake Bwana Mizani alinipa buku jipya na ubao wa kupimia samaki, akanituma na boti kaskazini, kuandika makobo wanaotoka kwenye fungu lile, pale pale wanapotolewa majini. Nilikwenda na moyo muzito. Mitumbwi mingi ilikuwa imetoka asubuhi ile, na nilijua nitawakuta wapi: juu ya fungu la Ba Mwaba, wavu juu ya wavu, na muzee wa watu hana hata nafasi ya kutega. Motere ilienda vizuri, kwa mara moja, siku ambayo sikutaka kufika.

Ule mulima ukabaki na bega moja. Nikazima motere.

Kulikuwa mutumbwi mumoja tu. Ba Mwaba alikuwa anavuta wavu wake, peke yake, na maji pande zote yalikuwa matupu.

"Tata, mukwai," nikamuita, kama mutoto anavyomuita baba. "Wengine wako wapi?"

Alitoa makobo mumoja mu wavu, mukubwa, akamuweka.

"Wamepita hapa," akasema. "Wote. Kila mumoja alipofika karibu aligeuza uso upande mwingine, kama mutu anayepita karibu na ua wa kuogea na jirani yake anaoga." Akapanguza uso kwa mukono wote. "Hakuna aliyetega."

Kiisha akanipa samaki yule, nikamulaza juu ya ubao, nikapima, nikafungua buku jipya, ukurasa wa kwanza. Nikaandika urefu. Nikafika kwenye mahali pa kuandika alipovuliwa, na kalamu ikasimama. Sikuuliza. Sikuweza tena kumuuliza mutu yule swali lile.

Aliona. Akashika ukingo wa boti yangu kwa mukono, isicheze, mwandiko usiharibike.

"Andika, mukwe wangu," akasema.